Kabla Hawajashikana: bakteria wa baharini wanaozuia utando wa maradhi

Hotuba hii niliitoa Unguja mbele ya wanafunzi wa uuguzi na maabara, wakulima wa mwani na mafundi wa vyombo. Naiweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Assalamu alaikum, na habari za asubuhi. Walimu wangu, wanafunzi, mama zangu mlioacha kamba zenu za mwani mkaja kunisikiliza, nanyi mafundi mlioketi kule nyuma: ahsanteni sana. Sogeeni mbele, nafasi zipo.

Naanza na wauguzi. Mgonjwa kalazwa, kawekewa mpira wa mkojo. Baada ya siku chache homa inapanda. Mkojo unapelekwa maabara, majibu yanarudi: bakteria ni hawa, na dawa hii inawaua. Dawa inaanzishwa, homa inashuka, mgonjwa anaketi kitandani anakunywa uji wake. Dozi inakwisha, homa inarudi. Mnapandisha dawa kali zaidi, inashuka tena, inarudi tena. Mpaka muuguzi mmoja mzoefu anasema: jamani, utoeni huo mpira. Unatolewa, na mgonjwa anapona.

Mmeyaona haya? Naona vichwa vinaitikia. Basi niambieni: kama dawa ile inawaua bakteria kwenye sahani ya maabara, kwa nini haikuwaua ndani ya mpira?

Kwa sababu kwenye mpira wameshikana. Bakteria anayeelea peke yake ni mnyonge, dawa inamkuta na kummaliza. Akigusa kitu kigumu akatulia, mambo hubadilika. Anajigandisha, anagawanyika, wenzake wanajiunga naye, na wote pamoja wanatoa ute wa sukari na protini uliochanganyika na nyuzi za vinasaba vya wenzao waliokufa. Huo ndio utando. Mnaujua, hata kama hamjawahi kuuona chini ya hadubini: ni ule utelezi ndani ya ndoo ya maji isiyosuguliwa, ni ukoga wa meno asubuhi. Ndani ya utando bakteria yule yule anaweza kustahimili dawa mara kumi, mara mia, hata mara 1,000 kuliko anapoelea. Wale wa chini kabisa wanakuwa kama waliolala, hawakui, na antibiotiki nyingi hufanya kazi kwa bakteria anayekua. Dozi ikikwisha, wanaamka.

Jambo hili lilionekana zamani sana. Antonie van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa mji wa Delft kule Uholanzi, alikuwa akijitengenezea lenzi mwenyewe. Miaka ya 1680 alikwangua ukoga wa meno yake akauweka chini ya lenzi, akaona viumbe vinacheza. Akasukutua kwa siki. Akaangalia tena, na bado wapo wazima. Lakini ukoga huo huo alipouchanganya na siki nje ya kinywa, walikufa. Akahitimisha kwamba siki iliwaua waliokuwa juu tu, haikupenya hadi ndani. Fikirini: hakuna aliyekuwa akijua kwamba bakteria husababisha maradhi, na tayari mtu ameona kwamba walioshikana hawafi kama waliotawanyika.

Ikapita karibu miaka 300. Mwaka 1982 madaktari wa Kanada pamoja na mtaalamu wa bakteria Bill Costerton waliandika kisa cha mgonjwa mwenye kifaa cha umeme cha kuendesha mapigo ya moyo. Bakteria walikuwa kwenye damu yake, akapewa antibiotiki kali kwa muda mrefu, na maradhi yakarudi. Waya wa kifaa ulipotolewa na kutazamwa kwa hadubini ya elektroni, ulikutwa umefunikwa na tabaka nene la bakteria ndani ya ute wao. Dawa zote zile zilikuwa zimepita juu yao.

Inakadiriwa kwamba mwaka 2019 pekee, watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu kwa dawa. Kanda yetu ya Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia zaidi ikilinganishwa na idadi ya watu wake. Kila tunapowarundikia dawa walioshikana bila kuwamaliza, tunawapa wale wanaobaki nafasi ya kuizoea. Ndiyo maana leo nauliza swali tofauti na lile la dawa gani iwaue. Nauliza: nani anajua kuwazuia wasishikane?

Anayejua yuko baharini.

Mililita moja ya maji ya bahari, tone kubwa tu hilo, ina bakteria kama milioni moja. Tumbukiza kitu chochote: ubao, kioo, chuma, plastiki. Baada ya dakika chache kimepata ngozi nyembamba ya protini na sukari zilizomo majini. Baada ya saa chache bakteria wameshaanza utando. Halafu huja mbegu za mwani, halafu mabuu ya wanyama wenye magamba makali yale yanayochana miguu. Mafundi wangu, haya hamhitaji kufundishwa na mimi. Nyinyi ndio mnaopweleza chombo wakati wa bamvua, mkakwangua uchafu ulioota, mkapaka deheni ya chokaa na shahamu, na juu yake mbao zikanyweshwa sifa, yale mafuta ya papa. Nahodha anajua chombo kilichoota uchafu tumboni: upepo ule ule, tanga lile lile, na mwendo hakuna.

Meli kubwa nazo zina tatizo hilo hilo, na mafuta zinazochoma kwa ajili yake ni mengi. Kuanzia miaka ya 1960 viwanda vikaleta rangi yenye sumu ya bati iitwayo TBT. Ilifanya kazi barabara. Hakuna kilichoota. Kisha wafugaji wa chaza katika ghuba ya Arcachon kule Ufaransa, mwishoni mwa miaka ya 1970, wakaona chaza wao wanavimba magamba, yanajaa vyumba vitupu, nyama hakuna. Mabuu ya chaza yakafa mwaka baada ya mwaka. Huko Uingereza, konokono wa majabali wa kike wakaanza kuota uume, hata wakashindwa kutaga. Kiasi kidogo mno cha sumu ile majini kilitosha kuleta hayo. Ufaransa ikaipiga marufuku kwenye vyombo vidogo mwaka 1982. Dunia ilikubaliana kuiondoa kwa mkataba wa 2001, nao ukaanza kutumika 2008. Kutoka 1982 hadi 2008! Hesabuni wenyewe ni mabuu mangapi ya chaza yalikufa katikati hapo.

Sasa nawauliza, ndugu zangu: ikiwa kila kitu kinachokaa baharini huota uchafu, mbona wako viumbe laini, wasio na gamba, wasioweza kukimbia, waliokaa mahali pamoja maisha yao yote, na ngozi zao ni safi?

Swali hilo ndilo lililowapeleka watafiti kwa mnyama mmoja aitwaye Ciona intestinalis, kwenye pwani ya magharibi ya Sweden. Ni kama mfuko mwororo, unaopitisha mwanga, urefu wa kidole au kupita kidogo, una matundu mawili juu: maji yanaingia hapa, yanatoka pale. Hana meno, hana miiba. Juu ya ngozi ya mnyama huyo Carola Holmström, Staffan Kjelleberg na wenzao walimkuta bakteria ambaye kwanza walimpa alama tu, D2. Mwaka 1992 waliandika kwamba bakteria huyu, akiwa ametanda juu ya kitu, huzuia mabuu yasitue. Mwaka 1998 akapewa jina rasmi: Pseudoalteromonas tunicata. Baadaye akaonekana pia juu ya mwani wa kijani, ule wa majani mapana.

Huyu bakteria ni ghala zima. Anatoa protini kubwa inayoua bakteria wengine. Anatoa kitu kidogo kinachozuia mabuu, kingine kinachozuia mbegu za mwani, na kingine kinachozuia kuvu. Ukimlea kwenye sahani ya maabara hutoka na rangi ya kijani iliyokolea, na kijani hiyo imetokana na rangi mbili, manjano na zambarau, zilizolala pamoja. Watafiti wakafanya jambo la werevu: walivuruga vinasaba vyake kwa kubahatisha, wakapata wana wa rangi mbalimbali. Wapo waliotoka manjano, wapo waliotoka zambarau, wapo waliotoka weupe kabisa. Wale weupe walipojaribiwa, walikuwa wamepoteza silaha zao. Ikajulikana kwamba rangi na kinga vinaongozwa na mitambo iliyo jirani. Ile ya manjano yenyewe ndiyo iliyokuwa ikizuia kuvu.

Na ile protini kubwa? Hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Inaitwa AlpP, ni kimeng'enya kinachovunja lisini, moja ya vijenzi vya protini, na katika kuivunja kinatoa haidrojeni peroksaidi, dawa ile ile mnayoijua ya kusafishia vidonda. Bakteria huyu anaitumia hata dhidi ya nafsi yake. Utando wake ukishakomaa, sehemu ya ndani ya kila kichuguu chake hufa, kichuguu kinatoboka, na waliobaki hai wanatoka wakiwa wepesi wa kusafiri kwenda kutafuta makazi mapya. Watafiti walipoondoa protini ile, vifo vile havikutokea. Mnaona maana yake? Utando una mlango wa kutokea, na bakteria wenyewe ndio wanaoufungua. Anayesoma namna mlango huo unavyofunguliwa anaweza siku moja kuufungua kwenye mpira wa mkojo bila kusubiri bakteria wakubali.

Wanafunzi wangu, andikeni hili: bakteria hawa si wageni waliopita tu. Ciona anapata ngozi safi, bakteria anapata pa kukaa na chakula. Inadhaniwa kwamba wanaishi kwa kufaana.

Nije kwenye jambo la pili, ambalo ni mazungumzo. Bakteria wanazungumza kwa kemikali. Mwaka 1970 watafiti wa Marekani, Kenneth Nealson na Woody Hastings pamoja na mwenzao, walieleza tabia ya bakteria wa baharini wanaotoa mwanga. Wakiwa wachache hawawaki. Wakijazana, wote wanawaka. Jamaa wa bakteria hao wanaishi ndani ya ngisi mdogo wa Hawaii, wakimsaidia kuficha kivuli chake usiku. Kila bakteria hutoa kemikali kidogo kidogo. Kemikali ikizidi majini, wote wanajua kwamba wametosha. Ni kama wavuta juya ufukweni: hakuna anayekaza kamba mpaka watu watimie. Na si mwanga tu wanaoupangia hivyo. Bakteria wengi wa maradhi hutumia hesabu hiyo hiyo kuamua lini waimarishe utando na lini watoe sumu.

Sasa nendeni Sydney, Australia. Huko kuna mwani mwekundu mzuri sana, Delisea pulchra, ambao hauoti uchafu. Peter Steinberg, Rocky de Nys, Kjelleberg na wenzao waliuchunguza wakakuta unatoa furanoni, kemikali zenye bromini ndani yake. Hapa anayezitengeneza ni mwani wenyewe, nataka hilo lieleweke. Mwaka 1996, wakishirikiana na Michael Givskov wa Denmark, walionyesha kinachotokea: furanoni inafanana kwa umbo na ile kemikali ya mazungumzo. Inaingia mahali pake na kuvuruga ujumbe. Bakteria wapo, hai, hawajadhurika, ila hawasikilizani. Mwaka 2003 kundi la Denmark likajaribu furanoni ya kutengenezwa kwa panya wenye maambukizi ya mapafu, na mapafu yakasafishika haraka zaidi.

Mnataka kujua kama furanoni ipo famasi? Haipo. Nyingi zina sumu kwa seli zetu pia. Tena tulikuwa tukisema kwamba bakteria asiyeuawa hana sababu ya kuwa sugu, lakini baadaye watafiti walipata bakteria wa Pseudomonas wanaoisukuma furanoni nje kwa pampu zile zile wanazosukumia antibiotiki. Mtu akija hapa kuwauzieni chupa ya maji ya mwani akisema inamaliza utando, mrudisheni alikotoka. Mimi ninaamini zaidi vitu vya kupakwa juu ya kifaa kabla hakijaingia mwilini, na vimeng'enya vinavyoukata ule ute wenyewe.

Na kuhusu vimeng'enya, kuna kisa cha Newcastle, Uingereza. Profesa Grant Burgess na wenzake walikuwa wakitafuta njia ya kusafisha matumbo ya meli. Walikuwa na bakteria aitwaye Bacillus licheniformis, aliyetolewa juu ya mwani mwekundu unaoitwa Palmaria palmata, ambao watu wa Ireland na Scotland wanaula. Mwaka 2010 walieleza kwamba bakteria huyu hutoa kimeng'enya kiitwacho NucB kinachokata vinasaba. Kumbukeni nilisema nini kuhusu ute: una nyuzi za vinasaba vya waliokufa. Mwaka 2002 ilikuwa imeshaonyeshwa kwamba bila nyuzi hizo, utando mchanga hausimami. NucB ikipita, nyuzi zinakatika, utando unaachana, bakteria wanatawanyika, na aliyetawanyika dawa inampata. Kazi iliyoanzia kwenye meli ikafika kwa madaktari wa pua. Mwaka 2013 walijaribu kimeng'enya hicho maabara dhidi ya bakteria waliochukuliwa kwa wagonjwa wa sinusi sugu, na tando nyingi kati ya hizo zikavunjika.

Jamaa mwingine wa Bacillus licheniformis, huyu akiishi ndani ya sifongo, alikutwa na watafiti wa Italia akitoa sukari ndefu inayozuia utando usianze kabisa. Waliandika mwaka 2011. Sukari! Haimuui bakteria hata mmoja. Inamnyima tu pa kushika.

Mama zangu wa mwani, mmekaa kwa subira. Hili la mwisho ni lenu.

Kilimo cha mwani kilipoanza rasmi hapa Unguja mwaka 1989, mwani aina ya kotonii ulikuwa ukistawi. Leo mnajua wenyewe. Maji yakichemka wakati wa kaskazi, matawi yanapauka, yanalainika, yanakatika, na kamba inabaki tupu. Aina nyingine, spinosamu, inavumilia, lakini bei yake ni ndogo. Mtafiti wa Ufilipino, Danilo Largo, na wenzake walionyesha mwaka 1995 kwamba bakteria wanahusika katika kupauka huko, hasa mwani ukiwa tayari umedhoofishwa na mazingira. Na kule Sydney, Delisea ile ile yenye furanoni, joto la kiangazi likipanda kinga yake hupungua, na bakteria aliyekuwa akizuiliwa mlangoni anaingia na kuupausha. Mwani uliofundisha dunia kuvuruga bakteria unashindwa nao pale bahari inapopata joto.

Basi swali langu kwenu: kwenye kamba iliyopauka, huwa hamuoni shina moja au mawili yaliyobaki mazima, yana rangi yake, magumu, yameng'ang'ania? Mama mmoja hapa mbele anasema huyaona. Mashina hayo nayataka. Huenda yana bahati tu. Huenda yamekaa penye mkondo wa maji baridi. Na huenda juu ya ngozi yake kuna bakteria rafiki anayefanya kazi kama yule wa Ciona. Hatutajua mpaka tumwangalie, na hakuna mtafiti anayeijua kamba yako kuliko wewe uliyeifunga.

Fanyeni hivi. Mkiliona shina hilo, msilivue kwa mkono ulioshika sabuni au mafuta. Likateni kwa kisu kilichosuuzwa maji ya bahari, litieni kwenye chupa safi pamoja na maji ya pale pale, lifunikeni lisipigwe na jua, na chukueni jingine lililopauka kutoka kamba hiyo hiyo kwenye chupa ya pili. Andikeni siku, mahali, na maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa. Lifike maabara siku hiyo hiyo, maana likilala usiku kucha bakteria wa chupani si wale wa baharini tena.

Na kabla ya kumkabidhi mtu yeyote chupa, mimi nikiwemo, takeni karatasi. Kuna Itifaki ya Nagoya, iliyokubaliwa 2010 na kuanza kutumika 2014, inayosema kwamba faida inayotokana na viumbe vya nchi na maarifa ya wenyeji igawanywe kwa haki. Karatasi iseme sampuli imetoka kijiji gani, imetolewa na nani, na kikipatikana kitu cha maana, kijiji kinapata nini. Iandikwe kwa Kiswahili, isomwe kwa sauti mbele yenu wote, ndipo mtie saini. Wanafunzi wa maabara wanaotaka kushiriki wabaki baada ya maswali, tupange nani atakuwa zamu ya kupokea chupa bamvua lijalo.